Nani Kakuambia Kukesha Ni Bidii?

Wewe unayesoma makala hii saa 8 usiku, daftari likiwa wazi pembeni tangu saa 2 na bado uko ukurasa uleule, nasema na wewe. Usigeuke kutazama nyuma. Ni wewe.

Kesho asubuhi utaingia darasani macho mekundu, utakimbilia viti vya nyuma, na mwenzako akikuuliza kulikoni utajibu kwa fahari: "Nimekesha, mwanangu. Msuli wa jana haukuwa wa kitoto." Na huyo mwenzako, badala ya kukuonea huruma, atakuonea wivu. Atajilaumu kwamba yeye alilala.

Tumefika huko. Tumefika mahali ambapo kijana wa miaka 21, mwenye akili zake timamu, anaona aibu kusema alilala usiku kucha. Tumefika mahali ambapo aliyepumzika anaitwa mvivu na anayesinzia mbele ya mhadhiri anaitwa shujaa. Tumefika mahali ambapo tunashindana nani kaumia zaidi.

Nimechoka. Nimechoka kusikia majigambo haya kwenye vimbweta, kwenye foleni ya chakula, kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa. Nimechoka kuona watu wanaotegemewa kuwa madaktari, walimu na wahandisi wa nchi hii wakijivunia kwamba hawajui waliandika nini kwenye mtihani wa jana. Na sisemi haya nikiwa mbali. Niko humuhumu, bweni moja na wewe, ratiba moja na wewe, bumu moja na wewe.

Nani kakuambia kukesha ni bidii?

Hebu tuhesabu. Wiki ina saa 168; zidisha 24 kwa 7 kama huniamini. Toa 56 za usingizi, nane kila usiku. Zinabaki 112. Toa 25 za vipindi, semina na maabara. Zinabaki 87. Toa nne kila siku za kuoga, kula, kufua na kugombania daladala, jumla 28. Zinabaki 59.

Saa 59, ndugu yangu! Zaidi ya saa nane kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Ziko wapi?

Utaniambia hesabu ya karatasini si maisha. Haya, toa za ibada. Toa za mpira. Toa za kumliwaza rafiki aliyeachwa na mchumba. Toa za kibarua kama unacho. Toa nusu nzima, sina choyo. Bado unabaki na karibu saa 30 za kusoma kwa wiki, mchana kweupe, huku umelala usiku wako wote bila kudaiwa na mtu. Wangapi kati yetu tunasoma saa 30 za kweli kwa wiki? Wanaokaa na kitabu saa 30 ni wengi. Kukaa na kitabu na kukisoma ni mambo mawili.

Mchana wetu unaibwa. Lishike hilo kabla ya mengine yote. Wengi wetu hatukeshi kwa sababu kazi imezidi urefu wa siku. Tunakesha kwa sababu siku imekwenda na haikufanya kazi, na sasa tunataka kuifidia gizani, kwa akili iliyochoka, kwa mwili unaolilia kitanda. Na mwizi hatuna haja ya kumtafuta. Tunamchaji kila jioni.

Tuanze na huyohuyo.

Bando la usiku. Kampuni za simu zinajua fika kwamba mwanafunzi hana pesa, zikampangia bei: mchana intaneti ghali, usiku wa manane hadi alfajiri rahisi. Pesa ambayo mchana inakupa megabaiti za kuhesabu, usiku inakupa gigabaiti. Kwa nini? Kwa sababu usiku mitambo yao haina wateja, watu wamelala, na nafasi isiyouzwa ni hasara. Basi wanakuuzia wewe. Nawe unaweka alamu ya saa 6 usiku. Hukuiweka ili uamke kusoma. Umeiweka ili uamke kupakua tamthilia!

Halafu unaita hiyo ofa. Ofa gani? Ile pesa ndogo uliyotuma kwa simu ni utangulizi tu wa bei. Bei yenyewe utailipa saa 1 asubuhi, kwenye kipindi ambacho mwili wako utajaza fomu ya mahudhurio na akili yako haitakuwepo.

Kuna mpira. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa 4 usiku kwa saa zetu, na majira ya baridi ya kwao yakiingia zinaanza saa 5. Zikiisha ni karibu saa 7 usiku, na hapo hamjabishana bado, wala hujaangalia mkeka wako umechanwa na timu gani. Ratiba ile ilipangwa kwa ajili ya mtu wa Madrid au Munich anayetoka kazini, anakula, anakaa, anatazama, na saa 5 ya kwao anapanda kitandani. Wewe unatazama mpira kwa saa zake na unafanya mtihani kwa saa zako. Simba na Yanga wakicheza saa 11 jioni, saa 1 usiku mtu mwenye nia ya kusoma ameshafika chumbani. Sikukatazi mpira. Nakuuliza tu: hujawahi kujiuliza kwa nini wiki ya mechi hizo ndiyo wiki unayoiomba dunia isimame?

Kisha inakuja chupa.

Iko kila duka la chuoni, kila kibanda cha nje ya geti, imepangwa mbele ili uione kwanza. Enaji. Nyekundu, ya kijani, ya bluu. Tunainywa na chipsi, tunainywa na maandazi, wengine tunainywa tumbo tupu. Sasa sikiliza inafanya nini. Tangu unapoamka, ubongo wako unakusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyojaa, na kujaa kwake ndiko kunakoleta usingizi. Kafeini iliyomo kwenye chupa haiiondoi adenosini hiyo. Haiipunguzi hata chembe. Inaziba tu mahali inapopokelewa, ubongo usiisikie. Uchovu upo palepale na unaendelea kupanda. Wewe tu ndiye uliyenyimwa taarifa zake.

Na kafeini haina haraka ya kutoka. Kwa mtu wa kawaida inachukua kama saa tano kupungua nusu. Ukimaliza chupa saa 4 usiku, saa 9 nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Ndiyo maana hata ukijitupa kitandani saa hizo unalala juujuu, unaamka umechoka kuliko ulivyolala, unashuka dukani, unanunua nyingine. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tumegeuza dawa ya deni kuwa mkopo mpya, kila usiku, kwa riba, na mkopeshaji ni mwili wetu wenyewe.

Najua utakachosema. Utasema umezoea.

Kila mtu anasema amezoea! Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, Hans Van Dongen na David Dinges na wenzao, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watu wazima wenye afya. Wengine waliruhusiwa kulala saa nane kila usiku, wengine sita, wengine nne, kwa wiki mbili mfululizo. Kila siku walipimwa wepesi wa akili. Waliolala sita tu, kiwango ambacho sisi humu tunakiita anasa, waliporomoka siku hadi siku, hadi uwezo wao ukafanana na wa mtu aliyekosa usingizi usiku mzima au zaidi. Na walipoulizwa wanajisikiaje? Walisema wanasikia usingizi kidogo tu. Waliona wako sawa.

Umeelewa? Kitu cha kwanza kinachokufa ni uwezo wa kujua kwamba unakufa. Mtu anayekuambia amezoea kulala saa nne ndiye mtu wa mwisho unayepaswa kumwamini, kwa sababu mizani anayojipimia nayo imeharibika pamoja naye.

Miaka sita kabla yao, 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walieleza katika jarida la Nature walichokipata walipolinganisha kukesha na pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyekaa macho usiku kucha, saa 24, alifikia sawa na asilimia 0.10. Sheria yetu ya barabarani hapa Tanzania inamkamata dereva akipita 0.08.

Basi piga picha ukumbi wa mtihani asubuhi ya Jumatatu. Watu mia mbili. Kama wangeingia wamelewa, wananuka gongo, wanapepesuka, msimamizi angeita walinzi na chuo kizima kingekuwa kwenye magazeti. Lakini wamekesha. Kwa hiyo wanapewa karatasi na kutakiwa kila la heri.

Bado sijafika panapouma.

Ulichosoma leo hakikai mara moja kwenye makao yake. Kwanza kinashikiliwa kwa muda na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Usiku, hasa katika ule usingizi mzito wa saa za mwanzo, ubongo unayapitia tena ya mchana, unayaimarisha na kuyakabidhi kwenye gamba la ubongo, yanakodumu. Ile ndoto ya karibu na alfajiri nayo ni sehemu ya kazi hiyohiyo inayoendelea. Ukiondoa usingizi umeiondoa kazi yenyewe. Na ubongo uliokesha, kesho yake, unapokea mambo mapya kwa shida.

Kwa hiyo yule anayesoma mada tano usiku mmoja bila kulala anafanya nini? Anazipokea na kuzimwaga. Anakwenda mtihani saa 3 asubuhi zikiwa zinaning'inia, anaandika anachoweza, na saa 6 mchana zimekwishadondoka. Muulize jioni. Muulize mwezi ujao. Muulize siku ya usaili wa kazi, mbele ya watu watatu wenye suti, swali la mwaka wa kwanza. Utamwona anavyotazama dari.

Na hili la kulala vizuri usiku mmoja kabla ya mtihani nalo lisikudanganye. Mwaka 2019 watafiti wa MIT, Marekani, walitoa matokeo ya wanafunzi wa darasa moja la kemia waliovaa vifaa vya kupima usingizi muhula mzima. Usingizi wa usiku mmoja wa kuamkia mtihani haukuonyesha uhusiano na alama. Ule wa wiki na mwezi uliotangulia, wingi wake, ubora wake, kulala saa zilezile kila siku, ndio uliokwenda sambamba na karibu robo ya tofauti za alama zao. Haithibitishi kwamba usingizi peke yake unafaulisha mtu. Lakini mbona waliolala vizuri ndio walioelekea kufanya vizuri? Mbona hawakuwa wale wa vimbweta vya saa 9 usiku?

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sisi tunachelewa wiki kumi, kisha tunataka mwana azaliwe usiku mmoja.

Matokeo yake unayajua kuliko mimi. Sapu. Sapu mbili. Kurudia mwaka. Kudisko, kijana anafunga begi usiku ili wenzake wasimwone, na nyumbani mama ameshawatangazia majirani mwaka wa kuhitimu. Bodi ya Mikopo haikusamehi kwa sababu umedisko. Ulichokula umekula, deni ni lako. Na wewe uliyepita, uliyepenya kwa madesa na past pepa, usicheke. Ukipata kazi utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka deni liishe. Asilimia 15! Miaka! Utalipia masomo uliyoyakariri saa 9 usiku na kuyasahau kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo digrii yetu? Karatasi tunayoilipia maisha na hatukumbuki imeandikwa nini ndani?

Na wanaolipa hawatakuwa wewe peke yako. Mwalimu aliyepita kwa kukariri ataingia darasa la mdogo wako, kidato cha pili, na atasoma kutoka kitabuni mstari kwa mstari kwa sababu hana kingine. Mwanafunzi wa tiba anayejifunza leo kwamba kukesha ni ushujaa, kesho atakuwa zamu wodini usiku wa pili mfululizo, na hatamwambia mtu kwamba herufi kwenye faili zinacheza. Leo unakosea jibu. Siku hiyo utakosea dozi.

Sasa nisikie mtu akisema nawaonea wanafunzi. Nilikuwa nangoja uniambie hivyo.

Turudi tulikotoka. Miaka ya sekondari, wengi wetu bweni. Kengele ya kuamka. Kengele ya usafi. Kengele ya mstarini. Kengele ya prepo. Taa kuzimwa, mwalimu wa zamu anapita na tochi. Wengine tukapitia JKT kwa mujibu wa sheria, tukaamshwa kabla ya alfajiri kwa amri. Hakuna saa hata moja ya ujana wetu tuliyoambiwa: hii hapa, ipange mwenyewe. Kisha tunafika chuo, tunapewa namba ya usajili, ufunguo wa chumba na saa 168 kila wiki, na mtu anasimama jukwaani anatuambia, "Ninyi sasa ni watu wazima."

Nani alitufundisha? Wiki ya utambulisho tulionyeshwa benki ya kulipia ada, dirisha la mikopo, mahali pa kupiga picha ya kitambulisho. Tulionywa kuhusu nidhamu, mavazi, mapenzi. Neno moja kuhusu namna ya kupanga wiki halikutamkwa. Kuhusu usingizi ndiyo kabisa. Mtoto aliyelelewa kwa kengele miaka yote, unamwondolea kengele siku moja, kisha unashangaa hajui saa ngapi?

Halafu angalieni testi zinavyopangwa. Wiki tano, wiki sita za mwanzo wa muhula hatuulizwi kitu. Ghafla kila mhadhiri anakumbuka kwamba anadaiwa alama za kazi za muhula. Jumatatu testi. Jumanne testi. Jumatano kundi la watu kumi linawasilisha kazi iliyofanywa na watu watatu. Alhamisi testi mbili. Ofisi zao ziko ukumbi mmoja, milango inatazamana, wanasalimiana asubuhi, na hakuna anayemuuliza jirani yake: wewe umeweka lini? Ninawaheshimu walimu wangu. Kwa heshima hiyohiyo nasema: huku ni kutesa watu kwa uzembe wa kutofungua mlango wa pili.

Na matangazo ya usiku! Saa 5 na nusu, simu inalia, kiongozi wa darasa amepewa ujumbe: kipindi cha kesho cha saa 8 mchana kimehamishiwa saa 1 asubuhi, chumba kitatajwa baadaye. Nani anatakiwa kulala akisubiri chumba kitajwe? Mnatulaumu kwamba simu hatuziachi, na mmezigeuza simu kuwa ubao wa matangazo wa chuo saa 24.

Twende vyumbani. Mwaka 2017 serikali ilifungua mabweni ya Magufuli pale Mlimani, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Lilikuwa jambo kubwa, na lilionyesha jinsi njaa ya vitanda ilivyo kubwa vyuoni, maana mpaka leo vyuo vyetu vimejaa watu wanaobebana. Wazazi huenda hamlijui neno hili. Ni kulala wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, mmoja ana namba ya chumba na mwingine hana pa kwenda, kichwa huku na miguu kule, joto la Februari la Dar es Salaam, mbu, na jirani wa chumba cha tatu ana sabufa ambayo hakuna wa kumwambia aizime. Chumba cha wanne kina saba. Unamwambia mtu huyo alale mapema? Alale wapi?

Yupo na dada anayekaa kwa shangazi Gongo la Mboto kwa sababu chumba hakupata na geto hawezi kulilipia. Ili awahi kipindi cha saa 1 anatoka nyumbani saa 10 alfajiri, gizani, na mkoba ameukumbatia kifuani kwa kuogopa vibaka. Jioni foleni inamrudisha saa 3 usiku, na huko kuna vyombo vinamngoja, kwa sababu yeye ni msichana wa nyumba ile kabla ya kuwa mwanafunzi. Huyo sina neno naye. Huyo simu haikumwibia kitu. Jiji ndilo linalomla, ratiba ya chuo inamalizia, na akisinzia darasani anaamriwa asimame, watu wanacheka.

Vipindi vya saa 1 asubuhi kwa watu wa miaka 19 na 20 vina shida yao hata kwa anayelala jirani na darasa. Mwili una saa yake ya ndani. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua inavyofanya kazi ndani ya seli. Katika ujana saa hiyo huchelewa, usingizi unakuja baadaye usiku na kuamka kunataka kusogea mbele, mpaka mtu anapoivuka miaka ya ishirini na kidogo ndipo inaanza kurudi nyuma. Wakuu wa vyuo wana maprofesa wa tiba wanaoyajua haya kwa kina. Wamewahi kuwauliza kabla ya kupanga ratiba?

Lakini wewe usijifiche nyuma ya saa ya mwili. Nimekuona ukitabasamu. Saa ya mwili inachelewa kwa muda fulani. Haikutumi kukaa TikTok hadi saa 9.

Wanasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nakuamsha kwa makusudi, na kama nitalala basi nitalala vizuri. Maana umelala, wewe mkeshaji! Macho yako wazi usiku mzima na umelala fofofo kwa yale unayotendewa. Wanauza usiku wako kwa gigabaiti, umelala. Wanauza uchovu wako kwenye chupa, umelala. Wanarundika testi tano wiki moja, unanung'unika kwenye kundi kwa emoji ya kulia, kisha umelala. Kodi ya kitanda kimoja wanalalia wawili, umelala. Umeshikilia tu kwamba wewe ni mpambanaji. Unapambana na nani? Unajipiga mwenyewe na unapigiwa makofi.

Kama umesoma mpaka hapa, zima simu sasa hivi. Iweke upande wa pili wa chumba, ndani ya begi, begi juu ya kabati. Testi yako ya kesho haitaokolewa na saa hizi chache zilizobaki, kilichomo kimo. Lala. Kesho tafuta zile saa za kati ya kipindi na kipindi, ile saa 4 hadi saa 6 tunayoipotezea kwenye korido, ukasome humo, mchana, ukiwa na akili yako. Fanya hivyo wiki hii yote. Wakikucheka, waache wacheke.

Na kuna jambo haliwezekani ukiwa peke yako. Karibuni wagombea wa serikali ya wanafunzi wataanza kupita vyumbani na vipeperushi. Wataahidi kufuatilia bumu, kama walivyoahidi wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Usiwaache waondoke hivyohivyo. Waulize mbele ya watu: testi ngapi ziruhusiwe kwa wiki moja, na mtaipeleka lini hoja hiyo kwenye seneti ya chuo? Tangazo la kubadili kipindi mwisho wake saa ngapi? Sabufa zinazimwa saa ngapi, na nani anazizima? Wenzetu wanaobebana ni wangapi, mmewahi kuwahesabu? Anayetoka Mbagala na Gongo la Mboto atapangiwa kipindi cha kwanza saa ngapi? Wakikujibu "tutalifanyia kazi," waambie waandike tarehe na kutia sahihi palepale. Asiyetaka kuandika, kura usimpe.